Siku Nilipowapigia Ng'ombe Chuma cha Hatari

Ashukuriwe Mungu, aliyenipa miaka mingi kuliko niliyomwomba, na juu ya hiyo akaniachia kumbukumbu, hata ya yale ambayo ningependa yafutike. Hili ninaloandika ni mojawapo, nami nakiri mapema kwamba ni aibu yangu mwenyewe, sikusingiziwa wala sikuponzwa na mtu.

Juzi tulikuwa tunakunywa chai, simu ya mjukuu wangu ikalia, akasoma kwa sauti kwamba serikali inawatahadharisha wananchi wa nyanda zetu kuhusu mvua kubwa, na wanaokaa mabondeni wahame. Nikacheka mpaka nikapaliwa. Wajukuu wakanishangaa, "Babu, mafuriko yanakuchekesha?" Nikawaambia hapana wanangu, ila mimi zamani niliwahi kuwa simu hiyo.

Ilikuwa miaka ya sabini, baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji. Nilikuwa mwinjilisti kijana, nimetoka Iringa kwa wazazi wangu Wahehe, nikapelekwa kulea kanisa dogo upande wa Mbeya, mahali vilima vinapoishia na mbuga ya Usangu inapoanza. Hatukuwa na kengele. Tulikuwa na rimu ya lori, imeninginizwa kwenye mkwaju mbele ya kanisa, na nondo ya kuipigia. Serikali ya kijiji ilipotaka namna ya kuwaonya watu juu ya hatari, ikaona hakuna haja ya chuma cha pili. Tukakubaliana hivi: kupiga polepole, moja moja, ni ibada, kupiga mfululizo bila kupumzika ni hatari. Mwenye nondo ni mimi.

Hatari iliyoogopwa zaidi mwaka ule ilikuwa nzige wekundu. Bwana Shamba wa wilaya alikuja na gari lake, akatufundisha mkutanoni: chuma kikilia, kila nyumba itoke na debe, sufuria, chochote chenye kelele, ili nzige wasitue kwenye mashamba, na Mwalimu wa shule yetu apande baiskeli mpaka barabara kuu, kwenye kituo chenye simu ya upepo, aite watu wa dawa kutoka Mbeya. Kisha akanigeukia, akanipa kiberiti kitupu. "Ndugu Mwinjilisti, macho hudanganya. Ukiona wingu usipige kwanza. Nenda ukamate mmoja, mtie humu, ndipo upige." Nikaitikia vizuri sana. (Kuitikia sijawahi kushindwa.)

Basi ikafika Jumapili moja ya kiangazi. Asubuhi nilikuwa nimehubiri habari za nzige katika Maandiko, nikahubiri kwa nguvu, akina mama wawili wakalia, nami nikajiona mtumishi hasa. Mchana nikala ugali na kambale aliopika mke wangu Atupele, nikaenda kukaa juu ya jiwe nyuma ya kanisa, nimevaa suruali yangu ya tetroni, mpya, ya rangi ya maziwa, kwa sababu jioni Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametualika chai. Mbuga ililala mbele yangu kama maji yasiyo na mwisho, joto likicheza juu yake, miti ya mbali ikipanda na kushuka kana kwamba inapumua. Sikulala, lakini siwezi kuapa kwamba nilikuwa macho. Maneno ya mahubiri yangu yalikuwa bado yanapita kichwani, yakienda yakirudi, na mahali fulani kati ya kulala na kuamka nikaona wingu.

Lilikuwa jekundu. Lilitoka chini mbugani, likapanuka taratibu bila sauti, jua likilipenya, likageuka rangi ya shaba, likawa zuri mno (Mungu anisamehe, niliona ni zuri kabla sijaona ni la kutisha), na ndani yake vitu vidogo vidogo vikawa vinatembea.

Nikashika kiberiti mfukoni. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Nikaitazama njia ya kushuka mbugani, vumbi la kufika kifundo cha mguu, nikaitazama suruali. Nikajiambia, nzige gani wanahitaji kukamatwa ili wajulikane, mimi niliyewahubiri leo leo asubuhi? Nikaenda kwenye mkwaju, nikachukua nondo, nikapiga mfululizo.

Sitasahau jinsi kijiji kilivyoitikia. Sekunde chache kimya, halafu debe moja, halafu kumi, halafu ikawa kama mbingu ya mabati imepasuka. Watu waliteremka kilimani wakipiga na kupiga kelele, akina mama wamevua vitenge wakivipunga, Mwenyekiti na karai la kujengea, na Mwalimu nikamwona akipotea na baiskeli yake kuelekea barabara kuu, ameinama kama mtu wa mashindano. Nikasema moyoni, tazama watu walivyo watiifu. Nikaongeza kupiga.

Ndipo upepo ukageuka, wingu likafunguka kidogo, nikaona pembe.

Walikuwa ng'ombe. Ng'ombe wengi ajabu, wa Msukuma mmoja aitwaye Mzee Masanja, aliyekuwa anahama kutoka kaskazini na jamaa zake. Mwezi mzima alikuwa akiomba kwa Mwenyekiti apokewe kijijini, akakubaliwa, na siku ya kuingia ilikuwa haijulikani, ila ni karibu. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kikao kilichomkubali. Nilifungua kwa sala!

Ng'ombe wakasikia madebe, wakageuka kama mto uliokutana na mwamba. Wengine wakaingia kwenye majaruba ya mpunga, wengine wakarudi walikotoka, vumbi likawa mara tatu. Nikataka kuwazuia watu. Nikapiga chuma tena kwa nguvu ili wanisikilize, na wao, kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyowafundisha, wakaongeza madebe. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba katika ule mkutano wote tulipanga namna ya kutangaza hatari, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria namna ya kutangaza kwamba imekwisha, au kwamba haikuwapo. Nikapaza sauti, "Acheni! Ni ng'ombe!" Aliyekuwa karibu yangu, bibi mmoja mshirika wa kanisa, akanijibu kwa furaha, "Amina!" akaendelea na sufuria yake.

Mwisho nikapata wazo moja tu. Nikashusha pumzi, nikaanza kupiga polepole. Moja. Moja. Moja.

Madebe yakanyamaza, kwanza ya karibu, kisha ya mbali. Na watu wote, watiifu vilevile, wakapanda kwenda kanisani, wakaingia na vyombo vyao, wakakaa kwenye mabenchi wakihema, madebe magotini, wakingoja nifungue sala ya kuwafukuza nzige. Nikasimama madhabahuni na suruali yangu safi.

"Wapendwa," nikasema, "wale si nzige."

Mwenyekiti akauliza kutoka nyuma, "Ila nini, Mwinjilisti?"

Mlango ulizibwa na mtu mrefu, mkuki mkononi, vumbi limemfunika mpaka kope. "Shikamooni," akasema (hata wakati ule hakuacha adabu). "Nani amepiga kile chuma?"

Kanisa zima likanioneshea kidole. Mke wangu pia.

Mzee Masanja hakunitukana. Alisema tu, "Mama yangu alikuwa kwenye mkokoteni. Maksai wamekimbia naye. Haoni vizuri." Akageuka akaondoka, nasi wote tukamfuata mbio, nami wa kwanza, maana kama yule mama amekufa basi nimemuua mimi, kwa ajili ya suruali.

Tulitafuta katika vumbi ambalo halikutaka kutua. Jua lilikuwa linashuka, kila kitu kilikuwa na rangi moja, mtu akienda hatua kumi anageuka kivuli, ng'ombe wanatokea mbele yako kimya kama wanaoota kisha wanapotea, na majina yanaitwa kwa Kisangu, Kisukuma na Kiswahili, hujui nani anamwita nani. Nilikuwa nasali bila maneno. Tulimkuta kwenye mfereji wa majaruba. Mkokoteni umelalia ubavu, maksai wamesimama wanakunywa maji, na bibi kizee ameketi ukingoni, ameushika mkono wake wa kushoto, anasikiliza.

Akamwambia mwanawe jambo kwa Kisukuma. Mzee Masanja akasita, kisha akatutafsiria: "Anawashukuru. Anasema hajawahi kuona kijiji kinachompokea mgeni kwa shangwe kiasi hiki. Anauliza kama ngoma huku hamna, mnapiga madebe tu?"

Mwenyekiti akanibana kiwiko, akaninong'oneza, "Kubali. Kubali tu, mnyalukolo, ndugu yangu, yaishe."

Ingekuwa rahisi. Lakini nilikuwa na miguu ndani ya maji, na uso wa yule mama umenielekea, unanitafuta bila kuniona. Nikapiga magoti mferejini. "Mama, haikuwa shangwe. Ni mimi. Niliona vumbi lenu nikadhani ni nzige, nikaita watu wawafukuze."

Mwanawe akatafsiri. Bibi akageuza uso pembeni. Mzee Masanja alisema kwa niaba yake: "Mkono wake umeteguka. Alale kwenu leo. Kesho tukikusanya ng'ombe tunaendelea na safari. Mahali tulipofukuzwa mlangoni hatuwezi kujenga."

Atupele alimkanda mkono kwa maji ya moto, akamlisha ugali na maharage, akamlaza kitandani petu. Mimi nilikaa jikoni nikiwaza jinsi jamaa nzima itakavyokwenda mbugani bila mahali pa kushukia, kwa kosa langu.

Asubuhi, ukungu haujainuka, Mzee Masanja akiwa tayari anafunga maksai, tukasikia gari. Lile, kumbe, nililisahau kabisa! Mwalimu alikuwa amefikisha habari. Bwana Shamba akashuka na watu wanne, mabomba mgongoni, mapipa ya dawa nyuma, wamesafiri tangu alfajiri. Kijiji kizima kikasogea kuona nitakavyojitetea.

"Ndugu Mwinjilisti," akasema, "nzige wako wapi?"

Nikamnyoshea kile kiberiti, kitupu vilevile.

Kutoka kwenye mkeka mlangoni kwangu, yule bibi akainua mkono wake mzima. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kilitosha.

"Nzige mimi hapa," akasema. "Nimekula ugali wa mke wake, nimemaliza. Sasa nangoja uji."

Bwana Shamba alitutazama mmoja mmoja akidhani tumelewa. Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka, kisha kijiji kizima, na mwisho kabisa Mzee Masanja, ambaye alicheka huku anafungua kamba za maksai. Bibi akamwambia jambo kwa lugha yao, naye akasema, "Mama anasema hatoki hapa mpaka mkono upone." Ukapona baada ya majuma matatu. Wao wapo mpaka leo, na wajukuu wa Mzee Masanja huimba kwaya.

Nilinyang'anywa nondo mwaka mzima, na ilikuwa haki. Niliporudishiwa, nilimwahidi Mungu kwamba sitawaonya watu juu ya jambo ambalo miguu yangu haijalifikia, hata kama nimevaa nguo gani, na sikuvunja.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akulinde na kila hatari ya kweli, akuepushe na ile ya kudhania, na ukigonga mlango wa ugenini akupe watu wa kukufungulia. Amina.