Matanga ya Ndoa ya Nuwara

Vijana walioleta bunduki nyumbani kwa Nuwara walivua mabuti mlangoni, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Adabu yote ile, halafu wanampandishia kifo juu ya paa.

Ilikuwa bunduki kubwa ya miguu mitatu, ile ya kutungulia ndege, ingawa ndege pekee waliopita juu ya mtaa ule wa kusini mwa Tripoli walikuwa njiwa wa jirani.

"Tunaomba njia, Hajati," alisema kiongozi wao, Suhaibu, macho yake yakiwa sakafuni.

"Mimi si Hajati. Nauli yangu ya Hija mume wangu aliolea mke wa pili. Mnakwenda wapi na dude hilo?"

"Juu. Mwenye nyumba ameturuhusu."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Mzee Miludi ametuambia kwa simu. Amesema yeye na nyumba yake ni mali ya taifa."

Nuwara aliwaangalia wakipanda ngazi zake kwa soksi, mmoja soksi imetoboka kidole. Ngazi zile alizijenga kwa bangili zake. Aliolewa mdogo kutoka milimani, hajui kusoma wala kuandika, kwa kuwa baba yake aliona mbuzi wana haja naye kuliko mwalimu. Miludi alimkuta na dhahabu ya mahari mikononi, na kila chumba kilipohitaji saruji, bangili moja ilivuka kwenda kwa sonara. Nyumba ilipofika ghorofa ya pili mikono yake ilikuwa mitupu, naye Miludi akagundua kwamba mke wake amezeeka. Akahamia karibu na bahari kwa mke mpya, Intisar. Hakumpa Nuwara talaka wala matumizi. Alimwachia nyumba kama mtu anayeacha koti kuukuu kwenye msumari, akijua atalikuta siku akilitaka. Tangu hapo Nuwara aliishi kwa kuoka mikate na kupikia harusi za watu.

Sasa nyumba hiyo ilikuwa inapigiwa hesabu ya kufa. Suhaibu na wenzake walikuwa wa Kikosi cha Darajani. Ng'ambo ya barabara kuu kulikuwa na Kikosi cha Kiwandani. Vikosi vyote viwili vililipwa mshahara na serikali moja, na vyote vilikuwa na neno "utulivu" kwenye majina yao. Walipokosana, ilikuwa kwa sababu ya nani akae kwenye kizuizi kipi, na aliyelipia ni ukuta wa mtu asiyehusika. Mwaka juzi Kikosi cha Kiwandani kiliona mtutu juu ya paa la Warda mshonaji. Leo ukisimama sebuleni kwa Warda unaliona duka la dawa la mtaa wa pili vizuri kabisa, hata bei zake.

Nuwara alianzia kituo cha polisi. Ofisa alimsikiliza kwa huruma, kisha akamnong'oneza, "Mama, unawaona wale wanaolinda lango letu?"

"Nawaona."

"Nao ni wa Darajani. Mimi mwenyewe nikitoka kwenda msalani naaga."

Akampigia Miludi simu.

"Ni siku chache tu, Nuwara. Nchi inapita kipindi kigumu."

"Nchi ipitie kwako. Wewe una ghorofa nne."

"Huelewi siasa wewe. Wamesema wakipanga baraza la mtaa watanikumbuka."

"Kombora nalo litanikumbuka mimi," alisema Nuwara, na simu ikakatwa upande wa pili.

Akakaa jikoni na hasira zake. Huko ndiko alikosikia, kutoka juu ya ngazi, sauti nene ya Suhaibu: "Ya Satari! Ya Satari! Tunashuka!"

Kila walipotaka kushuka walipiga kelele hivyo, kama mwanamume yeyote mwenye adabu aingiapo penye wanawake wa watu, kisha wakasubiri mpaka Nuwara ajitande mtandio na kujifungia chumbani. Vijana hawa walikuwa wamepora magari. Inasemekana walimteka meneja wa benki na kumrudisha amekonda. Lakini hakuna hata mmoja aliyethubutu kuona nywele za mama wa mtu. Na ngazi ya kutoka juu ilikuwa moja tu, nayo ilipita katikati ya nyumba.

Nuwara akajifunga mtandio, akafunga mlango wa chumba, akawaacha wapite kwenda kununua sigara. Waliporudi na kupanda tena, alichukua simu akampigia Gazala, mama yake Suhaibu.

"Gazala, nina matanga. Ndoa yangu imekufa."

"Maskini! Imekufa leo?"

"Ilikufa siku nyingi, ila sikupata nafasi ya kuizika. Njoo na dada zako wote."

"Kuna chakula?"

"Bazini na nyama ya kondoo."

"Basi huo ni msiba mkubwa," alisema Gazala. "Tunakuja."

Walikuja kweli. Wanawake hawakutaka kuelezwa mara mbili. Walijaa sebuleni, wakajaa ukumbini, waliokosa nafasi wakaketi kwenye ngazi, mmoja kila kipandio, mpaka karibu na mlango wa paa. Mitandio ilivuliwa ikatundikwa. Kulikuwa na nywele za hina, nywele za mvi, na vichwa ambavyo havikuwa na nywele za kutosha kuleta ugomvi wote huo. Warda mshonaji alianzisha maombolezo:

"Ewe ndoa, ulikuja na ngoma, ukaondoka na bangili!"

"Uuuwi!" waliitikia, wakicheka hadi vikombe vya chai vikamwagika.

Adhuhuri, mlango wa paa uligongwa kutoka juu. "Ya Satari! Tunashuka!"

Hakuna aliyeinuka.

"Ya Satari, jamani! Tupeni njia!"

"Suhaibu," aliita Gazala kutoka kipandio cha juu kabisa, "ukifungua mlango huo utaona vichwa vya mama zako wakubwa na wadogo wote."

Sauti ikatoka, nyembamba kuliko ile ya kwanza. "Mama? Wewe unafanya nini hapo?"

"Niko matangani."

"Yanaisha saa ngapi?"

"Saa ngapi? Wewe ulizaliwa wapi? Matanga ni siku tatu!"

Walipiga simu kuomba msaada. Gari la Darajani likaja na vijana wengine, wenye silaha hadi kwenye meno. Mlango wa mbele ukafunguliwa na mama mnene mwenye nywele zilizolowa hina, akauliza wanataka nini. Waligeuka wakigongana kama kuku, wakipiga istighfari, na dereva akaondoka kabla wenziwe hawajapanda wote.

Kule juu kulikuwa na maji ya tangi na jua la kutosha. Chakula hakikuwapo. Harufu ya mchuzi ilipanda ngazi taratibu, kipandio baada ya kipandio, haina mtandio wala aibu. Gazala alilala palepale sebuleni na dada zake, na kulipokucha wanawake wengine walirudi na maziwa na tende.

"Mama Nuwara," aliita Suhaibu asubuhi ile, "Haithamu anaumwa tumbo."

"La njaa au la haja?"

Minong'ono. "Yote mawili."

"Mwambie awe mvumilivu. Nchi inapita kipindi kigumu."

Wanawake waliokuwa ngazini walilaza vichwa mapajani mwa wenzao kwa kicheko. Nuwara hakucheka. Alipanda mwenyewe mpaka mlangoni, akaweka mdomo kwenye ufa.

"Nisikilizeni. Sina mtoto, sina mume, sina dhahabu. Nina kuta hizi. Bunduki ishuke isirudi, nanyi mtakula."

"Na amri ya wakubwa, mama?"

"Wakubwa waje wapande wenyewe, tuna nafasi kwenye ngazi."

Kulikuwa na mabishano marefu kule juu. Mwishoni mlango ulifunguliwa kidogo, na Gazala akapenyeza mitandio. Vijana wakajifunga macho. Wakaifungua bunduki vipande, wakashuka nayo kwa kupapasa, huku wanawake wakiwaelekeza kwa sauti: "Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu! Inua mguu, huyo ni bibi yako!" Suhaibu alikanyaga sinia la bazini akaendelea kushuka na ugali wa shayiri umemganda kwenye soksi.

Nje walifungua macho, wakala wamesimama, kila mmoja bakuli mkononi. Walikuwa wadogo kuliko Nuwara alivyodhani.

"Sasa mnaipeleka wapi?" aliuliza.

"Kwa mzee Miludi," alisema Suhaibu, mdomo umejaa. "Ana ghorofa nne. Na yeye mwenyewe ndiye alisema nyumba yake ni ya taifa."

Hapo ndipo Nuwara alipocheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka Gazala akamletea maji. Aliliangalia gari likienda na vyuma vyake, akaomba lisipate pancha. Alipoingia ndani alikuwa bado anatabasamu, akaanza kukusanya vikombe, na mkono ukasimama juu ya kikombe cha tatu. Miludi mchana hakai nyumbani, hukaa mkahawani na siasa zake. Nyumbani hukaa Intisar na mapacha wake.

Aliketi kwa muda akiwa amekasirika. Hata kufurahi kwa raha zake mwanamume huyu hamwachii.

Namba alipewa na Gazala. Iliita mara nyingi kabla haijapokewa.

"Halo?"

"Intisar, mimi ni Nuwara. Usiseme kitu, sina hamu na sauti yako. Kuna vijana wanakuja na bunduki kuiweka juu ya paa lenu. Waache wapande. Halafu ita wanawake wote unaowajua."

Upande wa pili mtoto alikuwa akilia. "Niwaite waje kufanya nini?"

"Nitakueleza nikifika. Una sufuria kubwa, au nije na langu?"