Chuma Yenye Inatetemeka ku Kidole ya Mama

Mama yangu alikuwa mubishi, na mimi nilitoka mu ile tumbo, donc hapana mutu ananishangaa. Alikuwa anaishi Butembo, alikuwa na shamba ya maharagi kule Vuhovi, na ugonjwa ya sukari mu damu. Mimi naishi Mulekera, Beni. Siku yenye vita ilitulia kidogo ku barabara, nilipanda Butembo juu ya kumupeleka ku muganga, baangalie miguu yake.

Muganga alikuwa kijana mupole, serikali ilimutuma kutoka Kasai. Alitosha mu mufuko chuma ya meno mbili, sawa forosheti ya kulia chakula, banaita diapason. Aliigonga ku mukono yake, ikaanza kulia zzzz, akaisimamisha ku mufupa ya kidole kubwa ya mama.

"Mama, iko inatetemeka?"

"Iko."

"Na sasa?"

"Imesimama."

Alijibu mbio mbio, sawa mutoto wa katekisimu, na kila jibu ilikuwa sawa. Muganga alifurahi, akasema mishipa ingali muzima, miguu inasikia. Ku njia ya kurudia, mama alinicheka: "Weye na woga yako! Ulizani batanikata?" Kulikuwa mwanamuke moja wa parokia yetu, alijibu hapana ku ile chuma, na kiisha bakamukata muguu. Mama alikuwa anaongelea ile habari kila siku. Ile mangaribi tulikula makayabo, ile samaki ya chumvi, tulishiba.

Butembo iko baridi, mutu yeyote wa kule anajua. Asubuhi moja ya mvua tulikuwa jikoni, mama ameweka miguu kando ya mbabula ya makaa, vile alifanya maisha yake yote. Alikuwa anasengenya wifi yake, anacheka. Mimi nikasikia harufu. Nilizani ni plastiki inaungua.

"Mama, songesha sapatu yako."

Akaangalia chini. Hakuvaa sapatu.

Yesu Maria! Ngozi ya kisigino ilikuwa imeshikamana ku chuma ya mbabula, na mama angali katikati ya hadisi. Hakulia. Alishangaa tu, sawa mutu anaangalia muguu ya mwengine.

Kidonda ikaoza. Tukarudia kwa ule kijana, akafungua pansement yenye ilifunika kidonda, akaweka mukono ku kinywa.

"Mais mama, si ulisema chuma inatetemeka?"

Mama aliangalia ukuta. "Nilikuwa naangalia uso yako. Ukiweka chuma unafunga jicho kidogo. Ikinyamaza, unainua kichwa."

"Juu ya nini, mama?"

"Juu ule mwanamuke alisema hapana, mukamukata!"

Nilikasirika mupaka nilitoka inje nikapiga ndoo teke. Mama alikuwa anazani ile ni examen, kama mutu akipita anarudia nyumbani na miguu mbili! Mais nilimukasirikia na muganga pia, na Butembo na baridi yake, na machozi yangu mwenyewe. Bakamukata muguu, juu kidogo ya kifundo. Shamba ya Vuhovi ikaota majani.

Kidonda ilipopona, tulirudia bapime muguu yenye ilibakia. Mama mwenyewe alivua kitambaa yake ya kichwa, akaifunga ku macho, akaikaza.

"Leo hapana uwongo," alisema. "Hii moja njo inanibeba."

Muganga aligonga chuma. Sauti yake ilinifikia mupaka ku mulango, zzzz, yenye nguvu. Akaisimamisha ku kidole kubwa. Mama alinyoosha shingo, akashika benchi na mikono mbili. Muganga aliniangalia, mimi nikaangalia chuma, ikalia pole pole mupaka ikaisha.

"Basi iweke ku kidole, muganga," mama alisema. "Niko tayari."