Kihispania cha Mama

Kila ninapopita kwenye korido ya hoteli asubuhi, sakafu ikiwa bado mbichi kwa dawa ya kudekia, miguu yangu huwa mizito ghafla. Wageni wangu kutoka Hispania na Ajentina wananisubiri nje kwenye gari, nami nimesimama pale nanusa. Niwaambie wazi, ndugu zangu: hapa Arusha waongoza watalii wenye diploma ya Kihispania ya London mtawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mimi ni kidole gumba. Niliipata kwa jasho langu. Lakini harufu ile hunichosha, kwa sababu ndiyo aliyorudi nayo mama yangu kutoka kazini.

Tulikaa Lewisham, kule London, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa akideki wodi za hospitali, na alasiri akirudi alikaa ukingoni mwa kitanda, koti bado mwilini, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Kazini alikuwa na mwenzake mmoja, Mkolombia aitwaye Marta. Mama alipojua kwamba shuleni tumeanza Kihispania, kila siku alileta neno jipya kutoka kwa Marta, amelishika kichwani kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Leo kanifundisha kuuliza umeamkaje. Cómo amaneció. Hawa wana adabu, mwanangu! Wanauliza watoto, wanauliza mama mzazi, mmoja mmoja. Kama sisi tu."

Tulisalimiana hivyo mpaka maji yakapoa. Yeye alicheka kwa matamshi yangu, mimi kwa yake.

Kwangu Kihispania hakikuwa mchezo. Kiingereza changu cha Morogoro kiliwachekesha wenzangu, lakini kwenye Kihispania sote tulianza siku moja, hatua moja, na niliwaacha mbali. Mwisho wa mwaka ulikuja mtihani wa kuzungumza, dakika nane na mwalimu mgeni. Ambao wangefaulu wangepanda darasa la juu. Wengine wangebaki chini, kule kwa kupaka rangi bendera na kupiga kelele. Nililitaka lile darasa la juu kuliko kitu chochote.

Asubuhi ile Mama alinifunga tai. "Usikimbilie maswali yake kama mtu asiye na kwao. Yule ni mtu mzima. Mjulie hali kwanza."

Nikamjulia. Mwalimu alikuwa mama wa makamo kutoka Hispania, ameshika picha ambayo nilitakiwa kuieleza. Nilisimama wima nikamuuliza ameamkaje. Nikauliza familia. Nikauliza mama yake mzazi, kazi, na hii baridi anaionaje. Alicheka, akaweka picha mezani, akaanza kunijibu, na habari za mama yake zilikuwa ndefu, maana mzee alikuwa mgonjwa. Nilimpa pole. Kisaa cha mtihani kilipolia hatukuwa tumeigusa ile picha.

Alinishika bega akaniambia mimi ni mtoto mzuri. Matokeo yalipotoka nilikuwa darasa la chini.

Mama alinikuta nimejifungia chooni. "Nini tena, baba?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto wa kule, na leo natafsiri kwa shida: "Kihispania chako cha wafagiaji kimeniangusha. Usiniletee tena."

Mama alijibu kutoka upande wa pili wa mlango: "Haya, baba. Nimesikia."

Hakuniletea tena. Nilijisomea mwenyewe, maktaba, kwenye basi, mpaka wakanipandisha. Nilipofika umri wa chuo niliosha vyombo katika mkahawa mmoja Edgware Road ili nisome, na huko ndipo nilipoelewa. Zamu nzima ilipita bila mtu kuniuliza lolote, ila sahani ziko wapi. Nilirudi nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauitibu. Nikatambua kwamba kazini kwao mtu pekee aliyemuuliza Mama hali yake alikuwa Marta, na kwamba zile salamu alizonibebea ndiyo sehemu ya siku aliyoipenda.

Siku ya diploma Mama alikuja, kajifunga kitenge kipya. Mhadhiri wangu, Mhispania, alikuwa amesikia kwangu kwamba Mama anajua lugha yao. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza hali, polepole, kwa heshima zote. Niliona usoni mwa Mama kwamba ameelewa kila neno. Nilisubiri ajibu. Nilitaka sana ajibu.

Mama alinigeukia mimi. "Mwambie nashukuru," alisema kwa Kiswahili.

Nikatafsiri.