Kizibo Kilichokazwa Novemba

Vern Saari, mdogo wa marehemu mume wangu, alisema mbele ya watu kwamba nilisahau kuilaza karavani yake, ndiyo maana mabomba yakapasuka. Sikusahau. Aliyeyapasua ni yeye, na wakati anasema alikuwa anajua.

Kulaza karavani, yaani kuiandaa nyumba ya magurudumu ikae tupu majira ya baridi bila kuganda, ndiyo kazi niliyoifanya miaka kumi na tisa kwenye kambi ya Arvid Pelto, hapa kando ya Ziwa Superior, upande wa Michigan. Shule niliiacha darasa la tisa, baba alipoumia msituni na mama akahitaji mtu wa kufua. Kazi hii nilifundishwa na mume wangu, Duane, nikiwa nimelala chali chini ya sinki za watu na tochi mdomoni. Alipofariki, Arvid alinipa rundo la funguo za karavani zote arobaini na mbili, akasema, "Haya, Renae, wewe ndiye mwenye mji." Hakunifanyia usaili, wala hakuniuliza cheti.

Ikifika Septemba siwezi kukaa kitini. Naamka nagusa kioo cha dirisha. Nakunywa kahawa nimesimama. Baridi ya kweli haitoi taarifa huku. Leo unavaa fulana, kesho ndoo ya mbwa imekuwa jiwe. Maji yaliyobaki kwenye bomba yakiganda hutanuka, na bomba hupasuka kimya kimya, nawe hujui mpaka majira ya kuchipua, sakafu ikishaoza. Kwa hiyo nakimbia. Nazima tangi la kuchemshia, nasubiri lipoe, nafungua kizibo chake kwa spana, maji yote yatoke. Nageuza koki ili kitakachopita mabombani kisiingie tena kwenye tangi hilo. Namwaga tangi la maji safi. Kisha navuta kwa pampu ile dawa ya pinki isiyoganda, nafungua bomba moja moja, la moto na la baridi, mpaka kila moja liteme pinki. Choo. Bafu. Shawa ya nje, ambayo wengi huisahau. Mwisho namimina kikombe cha dawa kwenye kila tundu la sinki, ikae pale chini kwenye kona ya bomba.

Na kizibo cha tangi sikirudishi. Nakiacha ndani ya sinki ya jikoni, kila karavani, ili mwenyewe akirudi akione akumbuke tangi liko wazi. Duane alifanya hivyo, nami nikafanya hivyo. Nikishamaliza naondoka, nafika nusu ya njia, narudi kushika tena koki ileile niliyotoka kuishika. Watu walinicheka. "Renae, imelala hiyo, usiiamshe!"

Karavani ya Vern niliilaza tarehe tisa Oktoba. Iko kiwanja cha kwanza, ufukweni kabisa, kiwanja alichokuwa nacho baba yao. Sheria ya Arvid ni kwamba baada ya tarehe kumi na tano Oktoba hakuna mtu kulala kambini. Umeme anaukata, geti analifunga kwa mnyororo. Anayevunja sheria hiyo ananyang'anywa kiwanja, na wanaosubiri kiwanja kama kile ni wengi.

Ila Novemba kumi na tano unafunguliwa msimu wa kuwinda kulungu, na huku siku hiyo mwanamume yuko tayari kuvunja hata ndoa yake. Shule zinafungwa. Kanisani wanabaki wanawake.

Tukafungua kambi wiki ya mwisho ya Mei. Vern akaunganisha mpira wa maji, maji yakamwagika toka ukutani, toka chini ya kitanda, toka kila mahali. Akaja moja kwa moja dukani kwa Arvid, ambako watu walikuwa wanakunywa kahawa.

"Mnaona kazi ya shemeji yangu?" akasema. "Tangi limepasuka kama yai! Kaka yangu angekuwa hai hili lisingetokea."

Watu wakanigeukia. Nilikuwa na kikombe mkononi.

"Niliilaza," nikasema. "Kwa mikono yangu."

"Umri, shemeji. Unakuja kwetu sote. Hata mimi juzi nimetafuta miwani na nimeivaa."

Wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza, maana kilikuwa cha upole.

Nikaenda kuangalia, Arvid nyuma yangu. Chini ya sinki nikafungua ile kona ya bomba. Yakatoka maji meupe, hata tone la pinki hakuna. Sinki ya jikoni tupu. Nikazunguka nje kwenye tangi. Kizibo kilikuwa mahali pake, kimekazwa kwa nguvu za mwanamume. Koki imerudishwa, tangi lipate maji.

"Arvid, mtu ameingia humu baada yangu," nikasema. "Mimi kizibo sikirudishi. Unajua sikirudishi."

Arvid akakuna shingo. "Au ulisahau kukifungua, Renae. Nionyeshe karatasi. Uliandika popote kwamba umemaliza namba moja?"

Sijawahi kuandika. Kichwa changu ndicho karatasi, na kwa miaka kumi na tisa kilitosha.

"Nipe funguo," akasema. "Kwa sasa tu. Watu wataniuliza."

Nikampa palepale, mlangoni mwa duka, wote wanaangalia.

Wiki mbili sikulala vizuri. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Nilichimba bustani mahali palipokwisha kuchimbwa. Nilikuwa najiambia, labda kweli, Renae, labda mwaka huu uliiruka. Hilo ndilo siwezi kumsamehe. Alinifanya nisiiamini mikono yangu mwenyewe.

Kisha LaVonne, mke wa Vern, akaja na mikate ya nyama na viazi, mtu ambaye hajawahi kuniletea hata chumvi. Akakaa, akasimama, akakaa.

"Wifi, mimi sijui kitu," akasema. "Ila Novemba alirudi na blanketi za karavani nizifue. Zilikuwa na damu ya kulungu. Nikamuuliza, si ulisema unalala kwa binamu yako? Akaniambia nifue tu."

"Utamwambia Arvid?"

"Wifi, nalala naye nyumba moja."

Sikuonja ile mikate. Nikatoka vilevile na aproni, nikamkuta Vern anapasua kuni nyuma ya sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke.

"Ulilala mle msimu wa kulungu," nikamwambia.

Akaangalia kwanza kama niko peke yangu. Kisha akacheka, akaegemea shoka.

"Siku mbili tu, shemeji. Nilipita kwa miguu kando ya ufuko. Nilibeba maji yangu kwenye madumu. Mtu ana damu mpaka viwikoni, ataoga na nini?"

"Ukakaza kizibo, ukawasha tangi."

"Kwa gesi, ndiyo. Na ile dawa yako inaharibu kahawa, nikaacha maji yapite mpaka yakawa meupe. Lakini siku ya kuondoka nilimwaga tangi lote la maji safi! Mpaka tone la mwisho! Ningejuaje?"

"Na yaliyo kwenye mabomba? Na ya kwenye tangi la moto?"

Akageuza gogo kwa mguu. Kumbe hilo hakuliwazia mpaka Mei, yalipomwagika miguuni pake.

"Basi kamwambie Arvid hivyo hivyo ulivyoniambia."

"Nikimwambia ananitoa ufukweni. Kiwanja cha baba hicho, Renae."

"Na mimi?"

"Wewe utapata kazi nyingine. Mikono yako haijakatika." Akainua shoka, akaendelea na kuni zake.

Nikamwendea Arvid, nikamweleza yote. Akamwita Vern. Vern akakana huku akinitazama usoni. LaVonne akasema hajui kitu.

Sasa ni Oktoba tena. Arvid ameajiri bwana mmoja kutoka mjini anayekuja na kompresa na fomu. Anapuliza upepo mabombani, anaweka alama, anahamia nyingine. Fomu zake ni safi sana. Mimi napita nje ya uzio kila asubuhi, sina kazi hapo, miguu inanipeleka. Jana nikashindwa, nikamwita, "Bwana, namba thelathini ina shawa ya nje, upande wa pili!"

"Mama, nani amekuuliza?" akajibu.

Akaenda namba thelathini na moja.

Namdai Vern Saari maneno machache: kwamba alilala mle Novemba, kwamba maji aliyafungua yeye, kwamba Renae hakusahau. Ayaseme dukani, kwa sauti ile aliyoisemea uongo, watu wale wakiwa na vikombe mkononi. LaVonne namdai alichonong'ona jikoni kwangu. Na Arvid Pelto namdai funguo arobaini na mbili.