Dripu ya Kaka Yangu

Kaka yangu alianguka kutoka kwenye paa la kiwanda cha samaki kilichokuwa kinajengwa Igogo. Miaka ile viwanda vya minofu vilichomoza ufukweni kama uyoga, na yeye, fundi wa kuezeka mabati, hakukosa kazi. Kisogo ndicho kilichotangulia kufika chini.

Hospitalini walimlaza chumba cha mahututi. Dripu za maji ya chumvi zilikuwa zimekwisha, nikaambiwa nikatafute mjini. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefunguliwa kila kona, lakini nilichopata ni maji ya sukari tu. Muuguzi akanirudishia.

"Haya hapana, dada. Ameumia kichwa. Maji haya yataingia kwenye ubongo, uzidi kuvimba. Tafuta ya chumvi."

Nilirudi mjini, nikayapata kwenye duka la tano. Muuguzi akaitundika chupa, akakaza kigurudumu cha kubania mpira mpaka maji yakawa yanadondoka tone moja moja.

"Mtu asiguse hapa," alisema. "Hata haya yakizidi ni hatari."

Kesho yake mchana mama alifika kwa kivuko kutoka Sengerema. Midomo ya mwanawe ilikuwa imekauka hadi kupasuka. Akaitazama, akaitazama chupa, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mwanangu anakufa kwa kiu na maji yananing'inia hapa!"

"Mama, wamekataza."

"Wamezaa wao? Mpe ndugu yako maji!"

Muuguzi alikuwa ameitwa kwa mgonjwa mwingine, kitanda cha mwisho. Sikuwahi kumkatalia mama jambo. Nilinyoosha mkono, nikalegeza kigurudumu. Matone yakawa uzi. Mama akashusha pumzi, akaanza kumpapasa kaka miguu huku akimsemesha kwa Kisukuma, kama anavyosemeshwa mtoto mchanga.

Muuguzi aliporudi, chupa ilikuwa imebaki na kidogo sana. Alifunga haraka, akakimbia kumwita daktari. Alasiri kaka alianza kukoroma, mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili. Kabla jua halijazama alikata roho.

Nilimfuata muuguzi koridoni.

"Ni mimi niliyefungua."

"Alikuwa ameumia sana," alisema. "Huenda angekufa tu." Lakini hakunitazama usoni, na ile "huenda" yake sijaweza kuiweka chini hadi leo.

Msibani mama aliwaambia waombolezaji, amenishika bega: "Huyu ndiye aliyemnywesha ndugu yake. Wale wa hospitali walimwacha akauke." Akina mama wakaja mmoja mmoja kunishika mkono na kunishukuru. Niliitikia.

Mama alifariki akiamini hivyo. Mara nyingi tulipokuwa wawili tu, tukichambua mchicha au kupepeta mchele, nilifungua mdomo nimwambie. Kisha nilimwona alivyozeeka, nikauliza kama chumvi ipo.