Koki ya Mjukuu Wangu Niliinywesha Mawese

Aliyeiharibu koki ya Rehema ni mimi, bibi yake. Msitafute mwingine.

Rehema, mtoto wa binti yangu Tatu, ni fundi bomba hapa Ujiji. Bomba letu la mtaa lina koki ya kuzungusha. Mtu anazungusha huku anapiga umbea, ndoo inafurika, maji yanapotea. Mjukuu wangu akabuni koki yake. Ndani kuna mpira mwembamba, umewambwa kama ngozi ya ngoma. Ukibonyeza, mpira unanyanyuka, maji yanatoka. Ukiachia, unarudi kuziba papo hapo, hata tone halipiti. Kamati ya maji ingeikubali, angepewa kazi ya mtaa mzima.

Siku moja kabla ya kuwaonyesha, aliiacha mezani akaenda Katonga kununua dagaa. Nikaibonyeza, nikaiona ngumu. Jamani, sisi huku mawese tunapaka goti, bawaba, hata kifua cha mtoto. Nikaimiminia mdomoni, tena sikubana mkono. Nikaifuta nje, nikairudisha mezani.

Kesho yake Mwenyekiti wa kamati, Nestori, akabonyeza, kavaa shati la Jumapili. Maji yakatoka. Akaachia, yakazidi. Akaibonyeza tena kwa hasira, yakamrukia kifuani.

"Binti, hii ni koki au chemchemi?"

Jirani yangu Mama Zaituni akadakia, "Mwenyekiti, leo umeogeshwa bure."

Watu wakacheka. Kamati ikarudia koki za kuzungusha, na Mwenyekiti akatoa hotuba ndefu ya kubana matumizi ya maji, huku bomba likimwagika nyuma yake.

Na mimi? Nilisema kwa sauti, "Hapa kuna mtu ana jicho baya," nikamkazia macho Mama Zaituni. Mpaka leo hanisalimii.

Rehema aliitupa koki uvunguni. Nikampelekea Issa, anayeziba pancha, aifungue. Mpira ulikuwa umevimba kama andazi.

"Bibi, huu umekunywa mafuta. Mpira wa namna hii hauyawezi. Nani kafanya ujinga huu?"

Nikasema sijui.

Sasa Rehema anataka kuuza vifaa vyake, anaamini hajui kazi. Ndiyo maana naandika, maana uso kwa uso nimeshindwa.

Wazee wenzangu, kitu cha mtoto usichokielewa, muulize kwanza. Usikitibu.

Nawe Rehema, mchoro wako hauna kosa. Vifaa usiuze. Kata mpira mwingine, na chumba ufunge, ufunguo uende nao.