Wikendi Mama Aliyotaka Kupumzika

Enzi zetu, na hapa nazungumzia miaka ya 2010 na kitu, wazee mnicheke tu kwa kuwa sijafika hata thelathini, wikendi haikutafutwa kwenye simu. Wikendi ilikuwa gari dogo lililojaa sufuria. Sisi tuliolelewa ughaibuni, mtaa wa Quakers Hill, na wazazi waliotoka Nakuru tunaelewana. Ukiona madirisha ya gari yamefungwa, harufu ya pilau imekujaa puani, na hotipoti ya chapati inakuchoma mapaja, ulijua familia inakwenda kupumzika.

Mama alikuwa muuguzi, na zamu zake zilifuatana bila huruma. Akirudi alivua viatu mlangoni kisha akabaki pale pale amesimama, kana kwamba amesahau njia ya jikoni. Sasa dada yake, mama mdogo wetu aliyeishi Georgia kule Marekani, akaanza kutuma picha. Kila mwezi alikuwa na matembezi mapya, yote ndani ya jimbo lile lile moja: leo nyumba ya mbao milimani, mwezi ujao maporomoko ya maji, halafu kisiwa chenye mchanga mweupe. Na hakuna picha hata moja akiwa ameshika mwiko.

"Kwani sisi hatuna milima?" Mama akamwambia Baba. "Siku mbili tu, Baba Musa. Sisi wanne. Sipiki, sipokei mgeni. I'm so tired, jamani."

Baba akakubali, akapata nyumba ya mbao huko Blue Mountains. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Shida yake ni kwamba hakuweza kulala nje ya kwake bila kuaga. Alituambia kila mara, "Ukisafiri kimyakimya, ukipatwa na jambo watu watakutafuta wapi?" Basi Jumapili, kanisani kwetu Granville, wakati wa matangazo, akasimama kuomba maombi ya safari. Akataja tarehe. Akataja barabara na namba ya nyumba, ili Mungu asipotee. Kisha, kwa adabu tu, kwa mazoea ya mdomo, akamalizia, "Na mkiwa pande zile, karibuni sana." Nilimwona Mama akifumba macho, na maombi yalikuwa bado hayajaanza.

Jumamosi tulikuwa hatujamaliza kushusha mabegi gari la kwanza lilipofika. Alikuwa Mama Furaha, Mkongomani wa Ingleburn, na watoto wake sita na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao.

"Mama Musa! Tulisema, aba batu bako peke yabo mu mulima, c'est pas bon, haiko muzuri! Tukakuya!"

Kufikia saa sita mchana nilihesabu magari saba. Hakuna aliyemwomba Mama apike. Alijifunga leso mwenyewe, akachukua kisu na gunia la viazi, akaanza.

Na sisi watoto? Jamani, siku ile ilikuwa tamu! Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka mpira ukatumbukia bondeni. Tuliteleza mteremkoni juu ya maboksi, tukaruka kamba iliyokuwa ya kufungia mizigo, tukala mandazi yenye moshi wa nyama choma. Akina baba waligeuza nyama huku wakitatua matatizo ya Kenya na Kongo, nchi ambazo hazikuwa zimewauliza. Sala ya chakula ilichukua muda mrefu kuliko chakula chenyewe. Watoto wa siku hizi ukiwafikisha milimani swali la kwanza ni waifai. Sisi tuliuliza nani amekuja na mpira.

Yale mabonde yanayofuatwa na watu kutoka dunia nzima, Mama aliyaona kupitia dirisha la jikoni. Tukirudi Jumapili, Baba akasema kwa furaha, "Tumepumzika, ama namna gani?" Kesho yake Mama alikuwa na zamu ya alfajiri.

Miaka mingi nimeisimulia Jumamosi ile kwenye harusi na sherehe, na watu hucheka mpaka machozi. Mwaka jana mimi na ndugu yangu Musa tukamlipia Mama nyumba ya mbao, peke yake, siku mbili, na anwani tukamficha Baba. Tulikuwa na hakika kwamba kufikia Jumamosi mchana atapiga simu akilia upweke, atuite sote. Baba alikuwa ameshaandaa sufuria.

Simu haikulia. Tulikaa sebuleni tukitazamana. Tungealika watu, lakini nani? Mama Furaha alihamia Brisbane, na waliobaki siku hizi hutembeleana kwa miadi ya wiki tatu, na bado mmoja atatuma ujumbe kwamba amechoka. Zile siku za kufika tu na sufuria yako nazililia, sitaficha. Jumapili Mama akatuma ujumbe: ameongeza siku moja.

Jumatatu akaingia nyumbani akiimba. Baba akamuuliza kama hakuona upweke.

"Baba Musa," akasema akicheka, "wewe hujawahi kuniona nimepumzika. Hata mimi nilikuwa sijijui."

Nikamtazama. Katika utoto wangu wote ule mtamu, sikuwahi kumwona mama yangu na uso ule.